Taimingi ya gari la zamani: kabla ya kugusa distribyuta, ihoji alama ya puli

Gari la rafiki yangu lilikuwa zito mlimani na linachemsha. Alishabadilisha plagi, waya na kifuniko cha distribyuta (kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi), na taa ya taimingi, yaani ya kupima wakati wa cheche, ilionyesha digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu kabisa, kama kitabu kinavyotaka. Tatizo tulilikuta mahali ambapo mimi mwenyewe nilishawahi kupoteza jioni mbili. Maelezo haya ni ya injini ya petroli ya silinda 4 yenye pointi, yaani vile vituo viwili vya chuma ndani ya distribyuta vinavyokata na kuunga umeme wa koili.

1. Pointi kwanza

Ukiongeza nafasi ya pointi, zinafunguka mapema; ukiipunguza, zinachelewa. Kwa hiyo anayeweka taimingi kabla ya pointi atairudia kazi. Distribyuta nyingi za silinda 4 hutaka karibu milimita 0.4, lakini fuata kitabu cha gari lako. Pointi zilizoota kichuguu upande mmoja na shimo upande wa pili usizipime, maana fila (bamba jembamba la kupimia nafasi) itakaa juu ya kichuguu na nafasi halisi itakuwa kubwa kuliko unavyodhani. Weka mpya. Kondensa (kile kikopo kidogo kinachokinga pointi zisiungue) ya zamani inayofanya kazi, hata hivyo, usiitupe. Mimi naiamini kuliko mpya ya bei rahisi.

2. Tikisa, zungusha, nyonya

Sukuma shafti ya distribyuta pembeni. Ikicheza, bushi imekwisha na vipimo havitatulia. Zungusha rota (kile kidole kinachozunguka juu ya shafti) kidogo uelekeo wake, kisha iachie. Isiporudi yenyewe, vizito vya ndani, vinavyowahisha cheche injini ikienda kasi, vimeganda kwa grisi kuukuu au springi zimechoka. Nyonya mpira wa vakyumu (kibomba kinacholeta mvuto wa injini kwenye distribyuta) kwa mdomo: sahani ya pointi isogee na ibaki ilipofika. (Wanaodhani moduli ya elektroniki inaponya haya yote wanajidanganya. Inaondoa pointi tu.)

3. Tafuta juu ya silinda namba 1

Toa plagi, ziba tundu kwa kidole, zungusha injini kwa spana. Pumzi ikisukuma kidole, pistoni inapanda ikiwa inabana. Pistoni hufika juu pia inapofukuza moshi. Ukikosea hapo, cheche itakuja mzunguko mzima nje ya wakati wake, na injini itakohoa kwenye kabureta badala ya kuwaka.

4. Je, alama inasema kweli?

Alama ya taimingi iko kwenye puli ya mbele ya injini, na baadhi ya puli zina vipande viwili: kitovu cha chuma na pete ya nje, katikati pana mpira. Mpira ukizeeka, pete huteleza na alama iliyo juu yake huhama nayo. Taa ya taimingi haijui hilo. Inamulika tu alama inayoikuta.

Tengeneza kizuizi kwa plagi mbovu: vunja kauri, toa vya ndani, fungia boliti yenye ncha ya duara. Isiwe ndefu kupita kiasi, itagonga valvu. Bisibisi usiingize kabisa. Inakwama kwa mshazari na kukwaruza pistoni. Chomoa waya hasi wa betri, maana mtu akipiga stata kizuizi kikiwa ndani, pistoni itatoboka. Toa plagi zote ili injini izunguke kilaini.

Shusha pistoni, funga kizuizi, kisha zungusha polepole kwa mkono hadi iguse. Usilazimishe. Piga chaki kwenye puli mkabala na kielekezi cha injini. Zungusha upande wa pili hadi iguse tena, piga chaki ya pili. Boliti ya puli ikianza kulegea unaporudisha nyuma, acha spana. Tia gia ya juu kabisa na usukume gari taratibu. Sasa pima upinde mfupi kati ya chaki mbili kwa utepe wa karatasi, kisha ukunje katikati. Kwenye mkunjo ndipo palipo juu halisi.

Kwa rafiki yangu, alama ya kiwandani ilikuwa nyuma kwa digrii 14. Yaani taa iliposema 10 kabla, cheche ilikuwa inaruka 4 baada. Puli ya namna hiyo badilisha, kwani iliyoteleza mara moja itateleza tena.

5. Weka taimingi

Toa kizuizi, unga tena waya wa betri. Simamisha puli kwenye digrii za kitabu, silinda namba 1 ikibana. Unga balbu ndogo ya volti 12 kati ya waya mwembamba wa koili uendao kwenye distribyuta na bodi. Washa swichi, legeza distribyuta, igeuze kinyume na mzunguko wa rota. Balbu inapowaka tu, bana. Mimi huanza na balbu siku zote.

6. Thibitisha kwa taa

Rudisha plagi, washa injini. Chomoa mpira wa vakyumu na uuzibe, silensa (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) iwe chini. Ongeza mafuta taratibu: alama isogee bila kuruka, kisha irudi. Barabarani, injini ikigonga unapokanyaga mlimani kwa gia ya juu, chelewesha digrii 2 na ujaribu tena.