Jinsi ya kuacha kujiona duni kama ulifeli shule na wenzako wamekupita

Nawaandikia nyie mnaovuka barabara mkimwona mliyesoma naye anakuja, mi nimezivuka sana hizo barabara. Nilimaliza form four 2012, ule mwaka ambao matokeo yalipotoka Februari 2013 karibu asilimia 60 tulipata ziro, na nilijua kabisa tuko wengi ila ukishajifungia chumbani unaona umefeli peke yako Tanzania nzima.

Anza kwa kutafuta ni nini hasa kinachokuuma. Usiseme "mi sina maana", hilo zigo kubwa hutaliweza. Chukua kidaftari andika kitu chenyewe, mi niliandika "naona aibu kuulizwa uko chuo gani". Kumbe swali moja tu ndo lilikuwa linanikimbiza mtaani.

Afu usijipime kwa cheti. Matokeo yetu yale Mei 2013 serikali iliyafuta yakapangwa upya, kuna watu ziro zao zikaondoka, karatasi zilezile, majibu yaleyale, sasa hao akili ziliwaingia lini? Yangu ilibaki palepale lakini nililia kidogo kuliko mara ya kwanza.

Hapa ndo penye kazi. Kujiambia kwenye kioo "najiweza" mi hakukunisaidia, kilichonisaidia ni kujiahidi kitu kidogo nikakitimiza. Mama mdogo alikuwa na cherehani, nikajiwekea kila siku nashona zipu moja. Ya kwanza ilipinda sketi ikavimba pembeni, nikafumua, nikashona, nikafumua tena mpaka kitambaa kikaanza kutoka nyuzi. Nadhani siku ya tisa ikalala yenyewe, nikawa naipandisha naishusha, naipandisha naishusha, machozi yananitoka na hakuna hata mtu wa kunisifia na wala sikumhitaji. Tafuta zipu yako, iwe chapati, iwe kurisiti somo mojamoja, ila iwe ndogo na ya kila siku, na jioni uandike kwenye kidaftari "leo nimefanya".

Wale ambao status zao zinakuharibia siku zifiche kwa muda, sio chuki, ni kupumua tu. Na mtu akikusifia sema "asante" uishie hapo, ile "aah kawaida tu" iache jamani, unajishusha mwenyewe na masikio yako yanasikia.

Ila kama huli, hulali au unawaza kujidhuru, hiyo sio ya kidaftari, mwambie mtu unayemuamini leo leo na uende hospitali.

Halafu andaa jibu lako mapema, ulizoee mdomoni. Juzi kwenye daladala dada mmoja tuliyesoma wote kaniuliza "uko wapi siku hizi?", nikamwambia nashona, nina oda za sare za shule mpaka Januari. Akauliza sketi ya mwanae nitamfanyia bei gani.