Kabla hujanunua kware wa kufuga, shika kidari

Ukienda kwa mfugaji wa kware, usianze na bei. Omba kumshika ndege mkononi. Papasa mfupa wa kidari: ukiwa umechongoka kama kisu, huyo amekonda, mwache. Macho yawe maangavu, pua kavu, manyoya ya chini ya mkia yasiwe yamegandamana kinyesi. Halafu simama kimya usikilize banda zima. Ukisikia chafya au mkoromo, hata kwa mmoja tu, ondoka, kwa sababu wote wanavuta hewa ileile.

Muulize wameanguliwa lini. Kware wa Kijapani huanza kutaga akiwa na wiki 6 hadi 8 na haishi miaka mingi, kwa hiyo umri ni jambo kubwa. Jike ana madoadoa kifuani. Dume kifua chake ni chekundu-kahawia. Madume mawili kizimba kimoja watatoana damu.

Kwa Kenya, mwombe akuonyeshe kibali cha KWS, yaani Shirika la Wanyamapori la Kenya. Wa kutegwa porini usiwaguse, tafadhali. Wengi hufa kwa hofu.

Ukifika nyumbani, watenge na kuku wako.