Jinsi ya kufuatilia ziwa la barafuto (mto wa barafu) linaloweza kupasuka

1. Chora ziwa kutoka angani. Picha za setilaiti za Sentinel-2 hupatikana kila siku 5, kwa nukta za mita 10. Kokotoa NDWI, kipimo cha kutambua maji: (B3 − B8) ÷ (B3 + B8), ambapo B3 ni mwanga wa kijani na B8 ni wa infraredi ya karibu. Maji hutoa thamani ya juu, lakini kivuli cha mlima nacho hujifanya maji. Tumia ramani ya mwinuko kufuta eneo lolote lenye mteremko wa zaidi ya nyuzi 10. Uso wa ziwa haulali hivyo. Linganisha picha za msimu uleule kila mwaka, maana ziwa lililoganda hupotea. Mawingu yakizidi, tumia rada ya Sentinel-1.

2. Kadiria ujazo: V = 0.104 × A^1.42, ambapo V ni ujazo kwa mita za ujazo na A ni eneo la ziwa kwa mita za mraba. Ziwa la kilomita 1 ya mraba hufikia takriban mita za ujazo milioni 34. Kadirio hili linafaa kuamua ziwa lipi lipimwe kwanza, basi. Kina halisi hupimwa kwa mashua na soneri (kifaa kinachopima kina kwa sauti).

3. Kagua kinachoning'inia juu ya ziwa. Hapa ndipo wengi huteleza: hukodolea macho ukubwa wa ziwa na kusahau barafu na miamba iliyo juu yake. Dig Tsho, Nepal, lilipasuka tarehe 4 Agosti 1985 baada ya barafu kuporomokea majini. Wimbi lilivuka tuta la moreini (mawe na udongo ulioachwa na barafuto) na kulikata. Kwa hiyo pima pia kimo cha tuta juu ya maji, na utafute maji yanayovuja chini yake. Yakianza kutoka na matope, tuta linaliwa kwa ndani.

4. Funga vihisi. Kihisi cha shinikizo kilichozama kinahitaji kipimahewa (kipima shinikizo la hewa) kando yake: badiliko la hektopaskali 1 la shinikizo hilo huonekana kama sentimita 1 ya maji. Soma kila dakika 10, na king'ora kitegemee kushuka kwa ghafla kwa maji, si kupanda tu. Weka kihisi cha pili, cha rada, mtoni chini ya tuta. Cha ziwani huenda kikasombwa. Simamisha paneli ya sola wima kiasi, theluji iteleze.

5. Hesabu muda wa kukimbia. Kwa mita 5 kwa sekunde, mafuriko hufika kilomita 30 baada ya dakika 100. Ondoa humo muda wa kuthibitisha na kupiga king'ora. Kinachobaki ndicho cha wanakijiji. Kituo kikinyamaza, msimamizi apigiwe simu papo hapo: ukimya usihesabiwe kuwa usalama.