Kubadilisha breki shuu za nyuma, upande mmoja mmoja

Somo hili ni la Probox na magari mengine yenye dramu nyuma, yaani chungu cha chuma ambacho shuu hukisugua kwa ndani kusimamisha gurudumu. Tenga asubuhi nzima. Kama kuna abiria wa Mambrui wanaokusubiri, usiguse hata nati moja.

Nyua nyingi za Malindi ni mchanga, kwa hiyo weka ubao mnene chini ya jeki isizame. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, legeza nati kabla ya kuinua, kisha gari likalie stendi. Teremsha hendibreki.

Sasa dramu yenyewe. Hewa ya chumvi huigandisha kwa kutu, na majirani watakuja na nyundo zao. Wape chai. Dramu nyingi za Toyota zina matundu mawili yenye nyuzi: tia bolti za milimita 8, uzikaze kwa zamu, robo mzunguko huku, robo kule. Ikigoma, pulizia dawa ya kutu kitovuni, nenda kaswali, urudi. Nyundo ya ukingoni huipasua.

Vumbi la ndani usilipulize. Shuu za zamani huenda zina asbesto. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, ulipanguse.

Piga picha kabla ya kung'oa springi yoyote, na upande wa pili uuache mzima uwe kielelezo chako. Ajasta ni skrubu inayosukuma shuu ziikaribie dramu. Nyuzi za ajasta ya kushoto na ya kulia hupingana; ukizibadilisha pande, breki italegea pale inapotakiwa kukaza. Shuu yenye leva ya hendibreki hukaa nyuma. Na mtu yeyote asikanyage pedali dramu ikiwa nje, silinda inayosukuma shuu itatema pistoni zake.

Grisi ni tone tu pale shuu inapogusana na sahani, lile bamba la nyuma zinapofungwa shuu. Nawa mikono kabla ya kushika shuu mpya. Soma kipenyo cha mwisho kilichochapwa kwenye dramu. Ikiwa imepita hapo, nunua nyingine. Ukishairudisha, kaza ajasta jino kwa jino, ukizungusha dramu kila mara, hadi usikie mkwaruzo mwepesi. Hapa ndipo wengi huchoka na kukisia.

Maliza upande wa pili, kanyaga pedali mpaka iwe ngumu, halafu ijaribu polepole uani.

Maswali

*Mwalimu, pesa ni za upande mmoja tu. Nibadilishe huo kwanza?*
Hapana, ndugu yangu. Gari litavuta upande ukifunga breki. Ngoja zitimie.

*Nimekuta shuu imelowa mafuta. Naweza kuisugua msasa?*
Mafuta yameshazama ndani, itupe. Na kwanza tafuta yanakotoka, mara nyingi ni silinda inayovuja. Ukishafungua bomba la breki lazima utoe hewa, na kazi hiyo kwa mara ya kwanza usiifanye bila fundi pembeni.

*Nikipita madimbwi wakati wa masika breki haishiki vizuri.*
Maji yameingia ndani. Nenda polepole ukigusa pedali kidogo kidogo, joto litayakausha. Ikiendelea hivyo hata kiangazi, fungua dramu uangalie.