Batani lazima ijibu: namna ya kudizaini vile vitu vidogo vidogo kwenye apu

Kuna siku nilikuwa najaza fomu ya maombi kwenye simu, ndefu kweli, nusu saa nzima nakazana nayo, nikafika mwisho nikabonyeza Tuma, kimya. Rangi haijabadilika, hakuna neno, hakuna chochote, nikabonyeza tena, nikabonyeza tena, baadaye ndo nakuja kukuta maombi yameingia mara tatu. Na cha kuumiza ni kwamba data ilifika tangu ile mara ya kwanza, sema batani haikuniambia.

Mtu akigusa kitu kwenye skrini ni kama amepiga hodi. Asipojibiwa atapiga tena, kwa nguvu zaidi, au ataondoka zake. Hata "subiri kidogo naja" ni jibu, anasimama mlangoni anasubiri vizuri tu. Kwahiyo kabla hujafungua programu yako ya kudizaini, chukua karatasi ujiulize: mtu anafanya nini, mfumo unafanya nini, atajuaje kwamba imefanyika, na akirudia hicho kitu mara ya mia itamkera au la.

Tuichukue hiyo hiyo batani ya Tuma. Kidole kikigusa tu lazima ibadilike, iwe nyeusi kidogo au ionekane imebonyea, na iwe ndani ya sekunde 0.1. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, aliandika viwango hivi mwaka 1993 na bado vinafaa: chini ya 0.1 mtu anaona ni papo hapo, mpaka sekunde 1 anahisi kuchelewa lakini mawazo yake hayajakatika, ikifika 10 keshaanza kufikiria mambo mengine. Hapa ndo madevelopa wengi tunakosea, tunasubiri seva (ile kompyuta ya mbali inayopokea data) ijibu ndo batani ibadilike. Usisubiri seva, mguso ujibiwe na simu yenyewe.

Halafu maandishi yageuke kuwa "Inatuma…" na batani isikubali kubonyezwa tena, ila upana wake ubaki ule ule, maana batani ikisinyaa ghafla vitu vyote pembeni vinaruka na mtu anaweza kugusa kisichohusika. Kile kiduara kinachozunguka usikilete haraka, seva ikijibu upesi kitatokea na kupotea kama macho yamekudanganya, bora ukicheleweshe kidogo. Ikikamilika andika "Imetumwa" na uiache ikae mtu aisome.

Ikishindikana je? Hapa wengi hawajisumbui kabisa na hapa ndo mtu anakuhitaji kuliko mahali pengine popote. Irudishe batani iwe hai, na pale pale karibu yake, siyo juu kabisa ya ukurasa, andika kilichotokea na cha kufanya: "Mtandao umekatika. Ulichoandika kipo, jaribu tena." Na kweli kiwepo, tafadhali, usifute kazi ya mtu. Kuzima batani peke yake hakutoshi pia, kwasababu mtandao unaweza kukatika wakati ombi limeshafika ila jibu halijarudi, kwahiyo kila ombi lipewe namba yake ya kipekee, likija mara ya pili seva ilitambue na isilihesabu upya.

Kwa vitu vyepesi kama kupenda picha unaweza kuonyesha moyo umejaa rangi hapo hapo afu ndo utume kwenye seva, ikikataa unaurudisha ulivyokuwa na unamwambia. Malipo usiyafanyie hivyo hata siku moja.

Makosa kwenye fomu nayo yana wakati wake. Mtu kaandika herufi moja tu ya barua pepe tayari umemwekea maandishi mekundu "si sahihi", jamani ndo kwanza anaanza! Subiri atoke kwenye kile kisanduku ndo umwambie. Lakini kosa likishaonekana geuza utaratibu, akirekebisha tu liondoke hapo hapo bila kumsubirisha.

Kwenye kufuta, ile "Una uhakika?" ikija kila mara watu wanazoea kubonyeza Ndiyo bila kusoma. Futa tu, halafu mpe "Rudisha" kwa sekunde kadhaa. Swali liache kwa yale yasiyorudishika, na batani iseme kitendo chenyewe, "Futa akaunti", siyo "Ndiyo".

Animesheni sitazichambua sana, milisekunde 200 hadi 300 zinatosha kwa mengi, na ukisogeza kitu tumia transform na opacity (amri za CSS za kusogeza kitu na kubadilisha uwazi wake) maana kubadilisha upana na urefu kunailazimisha brauza ipange ukurasa upya na simu dhaifu itakwama. Kuna watu miondoko inawatia kizunguzungu na wameshaizima kwenye simu zao, heshimu chaguo lao kupitia prefers-reduced-motion, sehemu ya CSS inayokuambia mtu kazima miondoko. Usitegemee rangi peke yake, weka na neno au alama kwa asiyetofautisha nyekundu na kijani, na "Imetumwa" iwekwe kwenye aria-live (alama ya HTML inayosema maandishi haya yasomwe yakibadilika) ili anayetumia kisoma skrini, programu inayomsomea asiyeona, aisikie. Ukubwa wa sehemu ya kugusa, Apple wanasema pointi 44, Android dp 48 (pointi na dp ni vipimo vyao vya skrini), mi naenda na huo mkubwa.

Ukimaliza usijaribu kwenye kompyuta yako yenye mtandao wa nguvu. Punguza kasi ya mtandao kwenye zana za brauza, au chukua simu ya zamani, mpe mtu asiyeijua hiyo apu, usimwelekeze kitu, we angalia kidole gumba chake tu. Kikirudi mara ya pili kwenye batani ile ile, hiyo batani haijajibu.