Kurudisha mng'ao wa faiba iliyopauka kwenye motahomu ya zamani

Karibu kila mwenye motahomu (gari la kusafiria na kuishi ndani) ya zamani anayenijia na faiba, yaani bodi ya nyuzi za kioo na rezini, iliyopauka huniuliza swali lile lile: nipake nini? Majuzi nimemsaidia mama mmoja aliyekuwa amejaza sanduku zima makopo ya waksi, kila kopo likimwahidi mng'ao wa kioo, na gari bado jeupe kama limemwagiwa majivu. Nikamwambia ninachowaambia wote: kabla ya kupaka kuna cha kuondoa, na kazi yenyewe iko hapo.

Faiba ya magari haya mara nyingi haikupigwa rangi kama bodi ya gari dogo. Juu yake kuna jelikoti, yaani tabaka la rezini ya poliesta lililochanganywa na rangi. Jua huivunja rezini ya juu kidogo kidogo hadi chembe za rangi zikakosa cha kuzishika. Ule unga unaobaki kiganjani ukipangusa ubavu wa gari ni jelikoti iliyokufa. Ukipaka waksi juu ya unga huo, utang'aa kwa wiki chache kisha waksi na unga vitaondoka pamoja.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kununua chochote

Mwagia maji sehemu iliyopauka. Kama rangi inarudi ikiwa imelowa na kupotea ikikauka, jelikoti nzuri ipo chini na kazi hii itakufaa. Kama hata ikilowa bado ni mabaka, jiandae kwa msasa.

Kisha tazama kama gari lako lilipigwa rangi na klia, yaani tabaka angavu la juu ya rangi. Klia inayobanduka vipande vipande, yenye kingo unazoweza kuzikwangua kwa ukucha, haitibiwi na polishi. Hiyo ni kazi ya kupiga rangi upya. Nyufa nyembamba za jelikoti nazo hazifutiki kwa kung'arisha. Mara nyingi zinaonekana vizuri zaidi paneli ikishang'aa. Na ukikuta ubavu umevimba, faiba imeachana na mbao au povu la ndani kwa sababu maji yameingia, basi acha habari za mng'ao. Tafuta kwanza maji yanapoingilia.

Hatua ya 2: Osha, ukianzia paa

Watu wanaruka paa kwa sababu halionekani. Paa la mpira linapozeeka hutoa unga wake wenyewe, na kila mvua inauteremsha ubavuni. Ile michirizi chini ya mifereji mara nyingi imetoka huko. Sugua paa kwa brashi laini na sabuni, usitumie petroli wala kiyeyushi chochote cha mafuta kwenye mpira, ndipo ushuke pande.

Pande zioshwe kwa sabuni ya vyombo ili iondoe waksi za zamani. Mashine ya presha iweke mbali na madirisha, stika na maungio ya silikoni.

Hatua ya 3: Funika

Tepu ya karatasi kwenye raba za madirisha, stika, taa na plastiki nyeusi. Kompaundi, yaani krimu ya kukwangulia utakayoitumia hatua ya 5, ikikauka kwenye plastiki yenye vinyweleo utaitoa kwa mswaki.

Hatua ya 4: Madoa ya njano na kutu

Asidi oksaliki ya jeli, ile inayouzwa kwa ajili ya mashua. Vaa glavu na miwani, paka, subiri kama maelekezo yanavyosema, suuza kwa maji mengi. Kama huna madoa, ruka hatua hii.

Hatua ya 5: Kompaundi, na msasa ikibidi

Hapa ndipo wengi wanapokwama, wakidhani wamemaliza kumbe bado.

Mashine za kung'arishia ziko za aina mbili. Moja huzunguka tu, nyingine huzunguka huku ikitikisika. Hiyo ya kutikisika ni salama kwa anayeanza, lakini kwenye jelikoti iliyokufa sana utasukuma siku nzima uone mabadiliko madogo. Mimi natumia ya kuzunguka, na pedi ya sufu, kasi kati ya mizunguko 1,000 na 1,500 kwa dakika. Grainda iliyofungwa pedi sitaki hata kuiona karibu na faiba: kasi yake ni kubwa mno na itaichoma kabla hujagundua.

Fanya kipande cha kama sentimita 60 kwa 60. Kipande kikubwa zaidi, kompaundi inakauka kabla hujaifanyia kazi. Usifanye juani, paneli ikiwa ya moto mkononi, subiri kivuli kifike. Pita kwa mistari inayopandana nusu kwa nusu, kwanza kushoto kulia, kisha juu chini, mashine ikiwa inatembea muda wote. Kila baada ya muda gusa paneli kwa nyuma ya mkono. Vuguvugu ni sawa, ila ukilazimika kuutoa mkono, simama.

Pembe na mikunjo pita kwa mkono au kwa kugusa tu. Jelikoti kwa kawaida ina unene wa kama nusu milimita, na kwenye paneli bapa za ubavuni huwa nyembamba zaidi. Pale kwenye ukingo pedi inakandamiza sehemu ndogo sana, kwa hiyo inakula haraka. Ukiona rangi inageuka kuwa nyeusinyeusi au nyuzi zinaanza kujitokeza, jelikoti imekwisha hapo na hakuna polishi itakayoirudisha.

Pedi inajaa unga haraka kuliko unavyofikiri. Pedi iliyojaa haikati, inapaka tu uchafu na kuzalisha joto, na fundi anaishia kulaumu kompaundi. Isafishe kwa brashi ngumu kila baada ya vipande viwili vitatu, na uwe na pedi za akiba.

Sasa kinachowadanganya watu. Kompaundi nyingi zina mafuta ndani yake. Ukifuta kipande, kinang'aa vizuri sana, unahamia kingine. Siku mbili baadaye mafuta yamepotea na ukungu umerudi, na mtu anaamini faiba yake imeharibika moja kwa moja. Haijaharibika, unga haukuwa umekwisha. Kwa hiyo weka spiriti ya isopropili na maji, nusu kwa nusu, kwenye chupa ya kupulizia. Ukimaliza kipande, pulizia, futa kwa maikrofaiba safi, kisha simama pembeni na uangalie kwa mshazari, tochi ikimulika sambamba na paneli. Kama mwanga wa tochi una ukungu kuuzunguka, rudia. Kama kingo zake ni kali, endelea mbele. Jaribu pia kitambaa cheusi kikavu: kikitoka na weupe, bado.

Ukirudia mara mbili tatu na ukungu haupungui, hapo ndipo msasa wa maji unapoingia, si kabla. Anza na msasa laini kuliko unavyodhani unahitaji. Jaribu namba 2000 (namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi), ukishindwa, rudi 1500, kisha 1000, halafu panda tena kwa ngazi hizo hizo bila kuruka hata moja. Mikwaruzo ya 1000 haitolewi na kompaundi kirahisi. Karatasi iwe kwenye kibao cha sponji, si kwenye vidole, maana vidole vinachimba mifereji. Weka maji mengi yenye matone ya sabuni. Mwanzoni maji yanatoka mazito na msasa unakwama-kwama. Ukianza kuteleza sawasawa, acha. Kwenye paneli bapa za ubavuni siendi chini ya 1500 kabisa. Pua ya mbele na pembe za nyuma, zilizomiminwa kwenye umbo, kwa kawaida zina jelikoti nene kidogo, na bahati nzuri ndizo huwa zimepauka zaidi.

Vaa barakoa ukipiga kompaundi kavu. Na ukifanya kazi juu, tumia jukwaa, si ngazi ya kuegemeza. Mashine inayozunguka inakusukuma.

Hatua ya 6: Polishi laini

Pedi ya sponji, polishi laini, mara moja. Kwenye jelikoti nyeupe unaweza kuiacha; kwenye bluu au nyekundu alama za duara za pedi ya sufu zitaonekana jua likipiga, kwa hiyo huko usiiruke.

Hatua ya 7: Kinga

Nta ya kanauba ina mng'ao wa kupendeza lakini haidumu. Mimi napendelea kinga ya polima, kuipaka mara mbili, ya pili ikipakwa baada ya ya kwanza kukauka kabisa kama kopo linavyoelekeza.

Kuna wanaopaka akriliki ya sakafu, tabaka tano sita juu ya faiba. Nakiri inang'aa, na ni kazi ya mchana mmoja. Lakini ikianza kugeuka njano na kubanduka utahitaji dawa ya amonia na brashi kuitoa yote, pamoja na ile iliyojificha nyuma ya raba za madirisha. Nimeshaitoa kwenye magari ya watu, na kazi hiyo huchukua muda mrefu kuliko kompaundi waliyokuwa wanaikwepa.

Baada ya hapo osha kwa sabuni ya magari, si ya vyombo, maana ya vyombo itakutolea kinga. Maji yakiacha kujikusanya matone na kuanza kutandaa juu ya paneli, paka kinga upya. Upande unaotazama jua siku nzima gari likiwa limeegeshwa utahitaji mapema kuliko mwingine, basi usisubiri gari zima lifike. Paka upande huo tu.