Ukimwomba mkutubi kitabu cha mtoto, usitaje umri peke yake

Umri unamwambia mkutubi machache mno: kati ya watoto wawili wa miaka 7, mmoja huenda bado anaunganisha silabi na mwenzake anamaliza sura nzima. Mtajie kitabu cha mwisho ambacho mtoto alikimaliza kwa hiari, na kile alichokiacha njiani, pamoja na pale alipokomea. Hicho cha pili ndicho kinachosaidia zaidi, maana kinaonyesha kama kikwazo ni maneno magumu, herufi ndogo au hadithi isiyomvutia.

Kabla ya kuazima, fungua ukurasa wa katikati (wa kwanza mara nyingi huwa mwepesi), mtoto asome kwa sauti na kukunja kidole kila neno linapomshinda. Vidole viwili au vitatu, kinafaa. Vikifika vitano, msomee wewe. Si lazima mkirudishe rafuni, kwani mtoto huelewa kwa kusikia mengi asiyoweza bado kuyasoma. Kwenye ukurasa wenye mistari miwili tu kipimo hiki hakifai. Azimeni vitatu au vinne kwa mpigo, na kimoja akichague mwenyewe, hata kama ni kilekile cha magari.